Kengele Uliyonigeuzia

Mke wangu Mama Bakari,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, Mola aliangaze kaburi lako. Unajua kuandika si kazi yangu. Kazi yangu ni mikono, na kwa mikono hapa Bongwe hajazaliwa wa kunishinda. Leo nakuandikia habari za ile kengele.

Unaukumbuka mwaka ule wa Uhuru? Mimi ndiye niliyekuwa nikitengeneza kengele za vyumba kule hotelini Diani, nikasema na kwangu italia, kwa betri za tochi. Kitufe barazani, kengele jikoni. Nikibonyeza, kahawa ije. Nikachukua msumari mnene, nikauzungushia waya wa shaba mpaka ukavimba kama kidole kilichofungwa kitambaa. Umeme ukipita, msumari unageuka sumaku, unavuta kibati chenye kinyundo, kinyundo kinagonga kikombe cha kengele ya baiskeli.

Siku ya kwanza ikasema ti! ikanyamaza. Kibati kimeganda kwenye msumari. Ukacheka mpaka ukakaa chini.

"Baba Bakari, kengele yako ina haya!"

Nikanuna, lakini nikarudi kazini. Umeme nikaupitisha kwenye kibati chenyewe, kiwe kinagusa skrubu. Kikivutwa, kinaiachia skrubu, umeme unakatika, sumaku inakufa, kibati kinaruka nyuma, kinagusa tena, kinavutwa tena. Ndipo ikasema trrrr! Ni kuachia na kurudi, basi, hiyo ndiyo kelele yote. Nani mwingine angeliweza?

Ukanitazama, mikono kiunoni. "Mie niitwe kwa kengele, kama boi wa hoteli? Mtu huja na hodi yake, nikamjua kwa sauti."

Kesho yake natoka kazini, nakuta kitufe kiko jikoni, kengele iko barazani, juu ya kiti changu. Umevihamisha peke yako, na inalia! Sijapata kumsifu fundi mwingine, wewe nakusifu. Tangu hapo ikawa ndiyo sauti yako: chakula tayari, inuka. Nami nikijifanya sisikii, ili ubonyeze tena. Ukikasirika ulikuwa hutoi kidole.

Sasa mwanetu Bakari anataka kunihamishia kwake Tiwi. Juzi alishika bisibisi aifungue kengele ukutani. Nikamwambia toa mkono wako hapo.

"Baba, imekufa siku nyingi. Na hata ikilia, nani atakubonyezea?"

Nikamnyang'anya bisibisi.

Alipoondoka nikanunua betri, nikaisugua ile skrubu kutu ikatoka, nikaingia jikoni kwako. Nikabonyeza. Ikalia, Mama Bakari, kali vilevile! Nikasimama pale pale ulipokuwa ukisimama, nikangoja mtu ainuke barazani. Hakuinuka mtu. Kumbe kungoja upande wa jikoni kuko hivi.

Tiwi siendi, na Bakari nimeshamwambia. Kila adhuhuri napika wali wangu, na hauungui, usicheke. Nikishaupakua nabonyeza, halafu naitika kwa sauti jirani wasikie, "Naja, Mama Bakari!" Naitika mlio wa kwanza tu. Sikungojeshi tena.

Pumzika, mke wangu. Kengele ninayo mimi.

Mumeo,
Baba Bakari