Kumi Yetu na Saba ya Bwana Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika kutoka kwa wenye setilaiti. Mkuu wa kituo kaisoma amesimama, kaisoma tena amekaa, halafu kanisukumia mimi. Tofauti imezidi!

Kila siku saa saba u nusu setilaiti inapita juu yetu, inapima gesi ya moshi wa magari. Sisi tunapima gesi hiyohiyo kutoka huku chini, kwa mtambo ulioko juu ya paa, unaolikodolea jua macho kutwa. Kazi yetu ni moja tu: kusema kama setilaiti inasema kweli. Sasa setilaiti, ambayo hapa ofisini tunaiita Bwana Mkubwa, inasema saba. Sisi tunasema kumi. Tusipopatana kufikia tarehe 17, kituo kinafutwa kwenye orodha na mtambo unafungwa sandukuni.

Yaani shahidi akipingana na mshtakiwa, anafungwa shahidi! Miaka tisa nimeupangusa mtambo ule kwa mkono wangu. Wakifunga, kwa umri huu nani ataniajiri? Labda nikamshikie mama watoto tepu ya kupimia nguo, dukani kwake kwa ushonaji.

Jumanne, 4 Machi

Kikao. Nimeeleza polepole: Bwana Mkubwa yuko mbali, jicho lake linachukua eneo kubwa, anachanganya barabara yetu na mashamba ya huko nje. Ndiyo maana anapata kidogo. Kosa ni lake. Mkuu kanisikiliza kwa makini sana, kisha kasema tatizo ni jiko la kantini.

Mhasibu kasema hapana, ni gari la Mkuu. Watu wote wakatazama meza.

Imepita kwa kauli moja: Operesheni Hewa Safi. Kuanzia saa saba na robo hadi saa nane kasorobo, hakuna jiko, hakuna gari, hakuna sigara. Nikasema jamani, mtambo unapima hewa yote mpaka huko juu kabisa, jiko moja litafanya nini? Mkuu kasema, fundi, wewe unapenda sana kukatisha watu tamaa.

Alhamisi, 6 Machi

Operesheni imeanza. Mpishi kazima jiko, tumekula chakula cha baridi. Mlinzi kafunga geti, kisha kasimama wima na kupiga saluti mbinguni. Nimemuuliza, ndugu yangu, saluti ya nini? Kashangaa. Si mnasema Bwana Mkubwa anapita?

Jibu la mtambo: kumi.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu kapanda paa mwenyewe. Kaukuta mtambo juani, kaingiwa na huruma. Eti nao unachoka, lazima utasema ovyo. Kaagiza mwavuli! Dada katibu muhtasi kasimama nao dakika arobaini, kaukinga jua mtambo ambao bila jua hauoni kitu. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Matokeo ya leo: hakuna. Mkuu kafurahi kweli. Anasema tumeshuka.

Nimeshuka ngazi nikicheka. Nilipofika chini kicheko kimeisha. Zimebaki siku kumi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya.

Wenzangu walikuwa nje, kwenye Operesheni. Mimi na kompyuta tu. Kwenye faili la mtambo kuna mstari mmoja, namba ya kuzidishia. Siku zote ni moja. Nimeweka sifuri nukta saba. Sekunde nne hazikufika. Kumi ikawa saba, safi, kama haijawahi kuwa kitu kingine.

Nikalifunga faili, nikamenya chungwa nikala. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jioni mama watoto alikuwa anapima kitambaa. Nikamuuliza, kama mzaha tu, tepu zako mbili zikibishana juu ya kiuno cha mteja unafanyaje? Kanijibu bila kuinua kichwa: natupa ile iliyovutika. Kiuno sikigombezi. Halafu kaniuliza mbona sili.

Jumatano, 12 Machi

Loo! Mkuu karukaruka koridoni na karatasi mkononi. Saba! Operesheni imefaulu! Kapiga picha na mpishi mbele ya jiko lililozimwa. Mlinzi kapewa cheti cha nidhamu. Nacho cheti kakipigia saluti.

Nilifungua mdomo niseme. Wallahi nilifungua. Mkuu akadhani nataka kumpongeza, akanikumbatia.

Ameshaandika barua halmashauri kuwaeleza jinsi tulivyoisafisha hewa ya mji kwa siku nne. Nikasema, Mkuu, subiri kidogo. Kasema habari njema haisubiri.

Ijumaa, 14 Machi

Halmashauri wamejibu. Wamefurahi. Mwaka jana walipiga marufuku malori kupita barabara ya soko mchana, na waliyapiga marufuku kwa sababu ya ile kumi yetu. Kwa kuwa sasa ni saba, wameyaruhusu tena. Kuanzia leo asubuhi.

Duka la mama watoto liko barabara hiyo. Mlango wake na njia ya malori, hatua sita.

Jumamosi, 15 Machi

Mama watoto karudi mapema, macho mekundu, anakohoa. Kifua chake ndicho kilichompeleka hospitali mwaka juzi, kabla ya marufuku. Gauni la bi harusi alilitundika mlangoni likauke, limekuwa rangi ya jivu. Bi harusi kaja, kaangua kilio palepale.

Kanitania: baba watoto, waambie ofisini kwenu hewa safi yao imenijaa kifuani. Kacheka, kikohozi kikamkatiza. Nikaenda kumletea maji. Nilisimama jikoni muda mrefu kuliko maji yanavyotaka.

Naona haya. Sina neno jingine.

Jumatatu, 17 Machi

Siku yenyewe. Saa nne tumekaa mbele ya kompyuta, mimi na Mkuu, kuongea na Mama Setilaiti. Huyu ni daktari wa sayansi anayesimamia hesabu za Bwana Mkubwa. Tumeandikiana miaka tisa, uso wake nimeuona leo. Mdogo kuliko nilivyodhani. Shikamoo fundi. Marahaba.

Kasema wameona aibu. Walikaa wakajiuliza nani amekosea, yeye akawaambia: kituo kile hakijawahi kutudanganya, basi wakosaji ni sisi. Wakarekebisha hesabu zao zote. Tangu Jumatatu iliyopita Bwana Mkubwa anasema kumi.

Jumatatu iliyopita! Tarehe kumi!

Halafu kasema, ila sasa nyinyi mnasema saba.

Tofauti ni tatu. Ileile, imegeuka upande. Kama watu wawili wanaopishana mlangoni, huyu akimpisha yule, yule naye kampisha huyu, wanagongana vilevile. Nilitaka kucheka.

Mkuu akadandia. Operesheni, jiko, geti, mwavuli, cheti. Mama Setilaiti kamwacha amalize. Kisha kasema: fundi, nakuuliza wewe. Kuna kitu kimeguswa? Ukisema hakuna, nakuamini, mchana huu tunarudi kwenye saba, na hiyo ndiyo kila mtu ataitumia.

Nikavuta pumzi. Umeme ukakatika.

Mama Setilaiti katuma ujumbe: atanipigia kwa simu baada ya dakika kumi. Ndizo hizi ninazoandikia.

Nipige hesabu. Nikisema hakuna, saba kwa saba, tumepatana, kituo kimepona, mimi nimepona. Malori yanapita hatua sita kutoka kwenye kifua cha mke wangu, na mji mzima unavuta kumi unaandikiwa saba. Nikisema kweli, kumi kwa kumi. Kituo kinapona. Mimi si fundi tena, mimi ni yule aliyechezea faili.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba nilikuwa sahihi. Miaka tisa, mpaka siku nilipojisahihisha.

Simu inaita.

Mkuu kavuta kiti, kakaa ubavuni pangu, anachekelea. Kasema pokea, pokea, mweleze Operesheni vizuri. Nimemwambia subiri, naandika kwanza nitakachosema, nisije nikababaika.

Nimeandika: Niligusa mimi. Tarehe kumi, saa saba u nusu. Sifuri nukta saba. Mtambo hauna kosa. Mkuu hajui.

Inaita bado. Mkuu kasema nimpe daftari kidogo, ahakikishe jina lake nimeliandika. Kanyoosha mkono.