Siku Uliyoshuka Al Jaddaf

Kontena,

Ni mimi, Redio. Najua unashangaa kuona nimeandika. Mimi ambaye hata jina la mteja kwenye boksi namwambia aandike mwenyewe, nasingizia macho. Shule niliiacha darasa la sita na tangu hapo hatujatafutana. Ningekutumia voice kama siku zote, na wallahi nimejaribu, nimebonyeza mara tatu. Kila mara nasikia sauti yangu inachangamka yenyewe, kama naita wateja wa kago pale nje. Nikafuta. Kwa hiyo vumilia mwandiko. Niko dukani hapa Deira, Dubai ile ile, nimekalia bunda la mablanketi yanayokwenda Mombasa, naandika nyuma ya fomu. Arbab, tajiri wangu, ameenda kuswali Alasiri.

Habari za chumbani kwanza. Kitanda chako kapewa Mganda mmoja, mlinzi kama wewe, mwembamba kama ufagio. Godoro bado lina shimo lako. Analala humo kama punje ya maharage kwenye bakuli, asubuhi tunamtafuta mpaka tumpate. Viatu vyako vya kazini viko kwangu. Kuna jamaa alivitaka, nikamwambia haya jaribu. Akapiga hatua mbili, kiatu kikabaki nyuma. Tulicheka chumba kizima. Halafu kila mtu akajifanya anatafuta chaja.

Mama yako ananipigia kila Ijumaa. Nitafika huko, usinikimbize.

Wacha nikuhadithie kwanza, maana miezi ile ya mwisho ulipenda kuniambia, "Redio, hebu nihadithie Amerika yangu." Mimi nikidhani unapenda ninavyochekesha. Sasa nikilala najiuliza, kwani ulikuwa unacheka au ulikuwa unakumbushwa?

Basi Amerika yako ni hii. Ulitoka Likoni una miaka kumi na saba, mrefu, mwalimu mmoja wa basketi kakutafutia shule huko. Ukafika, basketi ikakushinda, unakimbia kama friji inayosukumwa. Kocha wa ule mpira wao, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, akakuona kwenye foleni ya chakula. Hakukuuliza jina, alikuuliza kilo. Akakufundisha kuinama, mkono mmoja chini kwenye nyasi, makalio juu, usubiri. Ulipomaliza shule, siku timu kubwa zinachagua vijana, hawakukuchagua. Wakakupigia baadaye, njoo ujaribu. Ukajaribu. Misimu sita ulikula kwa kazi hiyo, timu tatu. Unaitwa, unaachwa, goti linapasuliwa, unaitwa tena, unaachwa khalas, mpaka ukaja huku kulinda milango.

Kazi yenyewe ulinieleza kwa makopo ya maziwa pale mezani. Wewe unakaa katikati ya safu. Watu wawili wakubwa kama wewe wanakuja kukugonga, vichwa na mabega, kila baada ya dakika, na wewe usisogee. Wale wawili wakihangaika na wewe, mwenzako mmoja nyuma anabaki huru, anakwenda kumwangusha mwenye mpira, uwanja unampigia makofi. Nikakuuliza, na wewe unapata nini? Ukasema, "Mimi napata wale wawili." Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Wewe ulikuwa unajibu swali tu.

Na ile video. Sekunde ishirini, umeihamisha kutoka simu hadi simu. Siku moja katika misimu sita ulipita katikati ya wale wawili, ukamkumbatia mwenye mpira, ukaenda naye chini. Unainuka, unanyanyua mikono, watu wanapiga mayowe. Halafu unaanza kutembea, kifua mbele, unakwenda moja kwa moja kwenye benchi la wapinzani. Mwenzako anakukimbilia, anakukamata jezi, anakugeuza kama mtu anageuza ng'ombe. Hapo ndipo tulipokuwa tunakufa. Nimewaonyesha wateja wangapi mimi? Nilikuwa nawaambia mizigo yao inabebwa na huyu, ila msimwache peke yake, wa Mombasa ataufikisha Karachi. Wanacheka, wananiachia mzigo. Wewe umesimama mlangoni unacheka pia.

Mama ulimtumia ile fupi. Uliikata mwenyewe, inaishia pale mikono iko juu. Nikakuuliza mbona umekata utamu. Ukasema, "Mama atauliza." Sikuuliza atauliza nini.

Kontena, wewe ndiye uliyenifundisha kuangalia watu. Unakumbuka? Ulisema kule uwanjani yule mwenye mpira anapiga kelele kabla ya kuanza, anabadilisha sauti, anakutega, ukisogea tu kabla ya wakati ni kosa lako. Kwa hiyo hamsikilizi. Mnautazama mpira, ukitikisika ndipo mnaondoka. Ukanifundisha hivyo hivyo hapa dukani. "Yule mama anasema atarudi, lakini miguu yake ishatoka nje. Na yule baba anasema hataki, mbona amelishika boksi?" Toka siku ile nikawa nawatazama mikono na miguu. Nimewatazama wote. Wewe nikakusikiliza.

Maana ulikuwa unasema uko sawa. Kwa sauti ile yako nzito, unasema "niko sawa, bro," na mimi khalas, nimeridhika. Mkono unatikisika mpaka kikombe kinagonga sahani, mimi nasema unapiga ngoma. Mchana kutwa umefunika dirisha kwa taulo, kichwa kinauma, mimi nasema bibi harusi hatoki nje. Siku uliyong'oa mlango wa choo kwa ajili ya kijiko, kijiko tu, halafu ukakaa sakafuni ukalia kwa kwikwi, nilifanya nini? Nilifanya mzaha mpaka ukacheka. Nilijisifu kabisa. Nikaona ndiyo kazi yangu.

Lakini lile la kliniki ndilo limenifanya nishike kalamu.

Mgeni mmoja pale hoteli yenu ya Garhoud alikuuliza lifti iko wapi, na wewe ukasimama tu. Miaka mitatu uko mlango ule. Supavaiza akasema nenda kliniki, lete karatasi. Ukaniomba nikusindikize. Kwenye basi, kabla hatujashuka, ukanishika goti, ukasema, "Wakiandika kichwa, viza imeondoka." Nikakwambia niachie mimi.

Daktari alikuwa mpole. Akakuuliza kama umewahi kugongwa kichwa, ukasema kidogo. Kidogo, Kontena. Akakuuliza kama unasahau vitu, ukasema hapana. Akanigeukia mimi, akaniuliza mimi ndugu yako, na nikaona mkono wako umeficha mwenzake chini ya paja ili usitikisike. Niliuona. Siwezi kusema sikuuona. Nikamwambia, "Daktari, huyu anasahau kitu kimoja tu, zamu yake ya kuosha masufuria." Daktari akacheka. Akaandika ulale vya kutosha na unywe maji. Tukatoka pale tumepigana mabega kama tumeshinda kombe, tukala biriani.

Wiki ya tatu baada ya biriani ile ndiyo siku yenyewe. Agosti, saa saba mchana, hata kunguru wamejificha. Umetoka zamu. Njia ya kurudi ni ile ile, metro mpaka Union, unabadilisha, unashuka Baniyas. Siku hiyo ulipita Baniyas bila kushuka, treni ikakuvusha mpaka ng'ambo ya pili ya mji. Ukanipigia. "Redio, nimeshuka Al Jaddaf."

Dukani palikuwa na wateja wanne, akina mama wa Tanga. Nikakuweka spika. Astaghfirullah, nikakuweka spika. Nikakuuliza mbona umehamia kwa matajiri hata kuaga huagi, au umepata madam wa ghorofani? Wakacheka. Ukacheka na wewe. Nikakuuliza uko sawa? Ukasema, "Niko sawa, bro. Natembea tu, nakuja."

Unatembea. Kutoka Al Jaddaf mpaka Deira, Agosti, na kilo zile. Na pumzi nilizisikia, Kontena, zinavuta kama mtu amebeba friji mpaka ghorofa ya tano. Hata wale akina mama walizisikia, mmoja aliacha kucheka. Nikakwambia yalla, usichelewe, leo zamu yako ya masufuria. Nikakata.

Wajenzi wa pale ndio waliokukuta, umekaa umeegemea uzio wa mabati. Wakakumwagia maji yao ya kunywa, yote. Karatasi ya hospitali inasema moyo na joto. Ya kichwa haisemi, hakuna aliyewaambia waangalie.

Tulikuzika huku huku kesho yake, Mama ndiye aliyesema usicheleweshwe. Niliingia kukuosha. Wale wazee wa kuosha wakajaribu kukugeuza, hukwenda, wakaita wawili zaidi. Mpaka pale ulichukua wawili. Nilitaka kukwambia hivyo, nikainama sikioni kwako kabisa, halafu mdomo ukakataa.

Sasa Mama. Kuna kijana wa mtaani kwenu alikuja huku kununua simu mwaka jana, akakuona unayumba Barabara ya Naif saa nne asubuhi. Kapeleka habari nyumbani. Ijumaa iliyopita Mama akaniambia, sauti chini, nadhani watu walikuwa chumba cha pili. "Mbwana mwanangu, hapa wanasema Athumani alikuwa akitumia vitu. Msikitini wanasema, sokoni wanasema. Wewe ndiwe uliyelala naye chumba kimoja. Mwanangu alikuwa na nini?"

Unajua nilimjibu nini? "Alikuwa sawa tu, Mama." Kwa sauti yangu ile ya dukani. Akasema haya, inshallah. Na kwa mara ya kwanza nikahisi mtu hafuati maneno yangu, ananitazama kama ulivyonifundisha kuwatazama wateja.

Mimi si daktari, sijui kichwani mwako kulikuwa na nini. Sitamwambia ninalolijua nusu. Lakini nayajua niliyoyaona, na ni mimi peke yangu. Nisiposema, wewe umekufa mvuta unga, khalas, jina lako Likoni ndilo hilo na Mama ataingia nalo kaburini. Nikisema, atajua kuwa yule aliyeulizwa na daktari ni mimi, na yule aliyekata simu ni mimi, huyu huyu anayemwita mwanangu kila Ijumaa. Nimeogopa, sikufichi. Wiki nzima wateja wananiuliza Redio betri imeisha?

Nimeomba likizo kwa arbab. Kaniuliza nani amekufa, nikamwambia yule yule.

Mwezi ujao nakuja Likoni. Viatu vyako nimevifunga ndani ya blanketi, kago yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nitakaa chini kwenye mkeka, nitamshikisha Mama simu, nimwonyeshe ile video ndefu. Sitaweka maneno yangu juu yake. Nitamwacha aone unavyogongwa na wale wawili, aone mikono juu, na nisiizime hapo. Aone unavyoinuka na kwenda benchi la watu wengine, na yule mwenzako anavyokimbia kukugeuza. Huyo simjui jina, lakini siku ile alikutazama.

Lala, ndugu yangu. Mungu akupe nafasi pana, ukubwa wako anaujua. Na huko ukipotea, kaa hapo hapo, usitembee, safari hii nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Mama atauliza. Nitamjibu.

Mbwana, yule uliyemwita Redio