Vumbi Jeupe la Meli ya Kivita

Jumanne

Najifanya profesa, sasa ona. Pale karakana yetu ya mitambo ya zamani tuliletewa swichibodi, ubao wa kugawia umeme, ya meli ya kivita, ya enzi stima hiyo ya nyaya ilipokuwa bado ngeni baharini. Nyaya zake zimezungushiwa kitambaa cheupe kama mguu uliofungwa bendeji.

Msimamizi alisema tusiguse mpaka kitambaa kipimwe. Niambiwe mimi, niliyeshika stima bandarini Mombasa! Nikakisugua kwa brashi kavu. Papa Amani, mzee wetu Mkongomani wa karakana, alikuwa kando anakula.

"Ndugu, hii vumbi inatoka wapi?"

"Kula, Papa, hiyo ni chumvi ya bahari!"

Tukacheka.

Jioni majibu yakaja: asbesto, ile inayoharibu mapafu. Msimamizi akauliza nani alikuwepo. Nikajibu, "Mimi tu." Niliona haya kutaja ule mzaha.

Koti langu nimelifunga ndani ya mfuko wa plastiki, liko nje. Lakini Papa lazima amerudi na lake nyumbani, mtaani kwake Small Heath, na mjukuu wake humrukia mlangoni.

Kesho nitamwambia msimamizi ukweli wote. Papa nimempigia sasa hivi. Alianza kucheka hata kabla sijasema neno.

"Papa, vua koti kwanza."