Mikono Iliyomshusha Mama Yako

Mke wangu Kabula,

Mama yako amefika. Najua hilo ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimekula, kwa hiyo naliandika juu kabisa. Amefika kwa ndege kutoka hospitali ya Nairobi, lakini nyonga iliyovunjika imeunga vibaya na hatatembea tena. Yule fundi wa Kizungu ambaye mama amemlelea watoto tangu walipokuwa Songwa kwenye machimbo ya almasi ndiye aliyemlipia nafasi. Uliniagiza, ukiwa tayari na homa: "Akija, usiwaachie watu wamsukume kama toroli." Nami nilidhani tutampokea wote wawili.

Hakujua kwamba umekufa. Wajomba zako walikaa na baba yangu, wakasema mtu aliye njiani haambiwi msiba. Afike kwanza, akae, anywe maji, ndipo wakubwa wamwambie. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumtoa kwenye ndege na kumfikisha nyumbani bila yeye kujua. Mimi, Kabula! Mimi uliyekuwa ukinicheka kwamba naogopa hata kivuli cha kalamu yangu.

Kiwanja chetu cha ndege unakijua. Ni majani, kibanda cha bati, na kile kiti cha magurudumu kilicholetwa kwa ajili ya wagonjwa wanaokwenda hospitali ya Kolandoto. Siku moja, pasipo na mtu, ulikikalia nikakusukuma mpaka mwisho wa uwanja. Wewe ulipiga vigelegele, mimi nikawa natazama barabarani nisije nikafumaniwa na bwana mkubwa. Kazi yangu mimi ni kuandika jina la msafiri na kuweka kiti tayari. Anayebeba watu ni Salumu dereva. Yeye huwashusha kwa mikono yake, akawaweka kitini, kisha akawapandisha garini. Nilimwendea mapema nikamweleza yote. Akaniambia, "Karani, mkweo ni mtani wangu. Mzaramo atamshusha kama yai." Nikapata usingizi kidogo.

Asubuhi ile rejeta ya gari ilichemka. Ndege ilipotua, Salumu alikuwa amekwenda kisimani na debe. Wingu jeusi lilikuwa linakuja kutoka upande wa Mwanza, na rubani hakutaka kukawia. Alifungua mlango, akamshika mama yako kwapani, akaanza kumvuta kama gunia la pamba. Mama akaguna kwa maumivu. Kabula, huyu ni mkwe ambaye sijawahi kula mbele yake. Nikikutana naye njiani, mimi huacha njia nikaingia majanini. Na sasa alikuwa ananing'inia mlangoni mwa ndege, kanga imempanda magotini. Hapakuwa na mwanamke pale, wala mtu mwingine yeyote. Nikatazama barabara. Nikatazama wingu. Kisha nikapitisha mikono chini ya mgongo wake na chini ya magoti, nikambeba.

Ni mwepesi. Sikutegemea angekuwa mwepesi hivyo.

Alijifunika uso. Tulipofika katikati ya ndege na kiti, mwili wake ulikakamaa, akasema ndani ya kanga, "Mwanangu amekufa."

Hakuwa anauliza. Nilikuwa nimemwonya Salumu ulimi usimteleze. Nilikuwa nimenyoa ndevu na kupiga suruali pasi nisionekane mfiwa. Sikufikiri hata kidogo kwamba mikono yangu ndiyo ingesema. "Angekuwa hai angekuja kunishika yeye," alisema. "Hata angekuwa mgonjwa, angetuma mwanamke. Usingenigusa wewe."

Nilimweka kitini taratibu, nikapanga miguu yake juu ya kibao. Hapo Salumu akaja mbio, maji yakimrukia suruali, akaanza kama tulivyokubaliana: "Karibu mayu, mama yangu! Niliposikia Msukuma anapita angani nikasema, lazima ng'ombe wake wamefungwa mkiani!"

"Ng'ombe nimewaachia Wazaramo wachunge," mama yako akamjibu. "Sasa hivi wameshawala."

Salumu alicheka mpaka akaweka debe chini. Alifurahi kwamba siri imekaa. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti, nikaona mabega ya mama yanatikisika, na hakuwa anacheka.

Nyumbani alisalimiwa, akanywa maji aliyopewa, akamsikiliza mjomba wako alipozunguka na maneno mpaka akaufikia msiba. Ndipo akapiga yowe, kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Wazee wakaona mambo yamekwenda kama yalivyopangwa. Hakumwambia mtu alivyojua, wala kwamba nilimgusa. Nililia nyuma ya nyumba, Kabula, na sijui nilikuwa nakulilia wewe au namlilia yeye.

Jana aliomba kupelekwa kaburini. Shangazi yangu alimsukuma, lakini baada ya shamba la karanga udongo bado ni laini, magurudumu yakazama. Shangazi alivuta, akasukuma, akashindwa. Baba alikuwapo, naye ni mzee. Mimi nilisimama mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Unakumbuka mama alivyokuwa akizungumza nami? Mimi nikiwa pale pale nyuma ya ukuta, yeye atasema, "Kabula, mwambie mumeo amekonda." Nawe utanigeukia uniambie, huku umebana kicheko. Jana hakunitazama. Alilitazama kaburi lako, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kabula, mwambie mumeo anifikishe."

Baba aligeuza uso. Nikambeba mara ya pili, mbele yao, nikamweka chini karibu na kichwa chako. Alikaa pale mpaka jua likawa kali.

Wajomba wanataka kumrudisha kwao Songwa matanga yakiisha. Amekataa. Anasema atakaa kwa shangazi, mahali ambapo anaweza kukufikia. Lakini kiti ni cha kiwanja. Kesho nitaingia ofisini kwa bwana mkubwa kumwomba aniazime kila Jumapili, nawe unajua ninavyomwogopa. Nitaingia hivyo hivyo.

Halafu nakuahidi hili. Nitabeba changarawe kutoka korongoni, niitandaze tangu mlangoni kwa shangazi mpaka ulipolala, niishindilie mpaka iwe ngumu, ili mama aweze kuja kwako bila kubebwa na mtu. Mvua zinakuja, kazi itakuwa ya polepole. Mpaka itakapokwisha, nitambeba kila utakaponituma.

Lala salama, Kabula.

Mumeo,
Masanja