Hatua Kumi na Tisa Kwenda kwa Mama Yako

Mama Saidi wangu,

Huko uliko najua unanicheka: mwalimu mzima anamwandikia mke aliyekwisha kumzika. Cheka tu. Hapa Chanika bado wapo wanaosema nilikupeleka kwa Wadachi, Wajerumani wa hospitali ya Korogwe, kupasuliwa pasipo faida, na leo nimeona niwajibu kupitia kwako.

Mgongo ulipoanza kuuma tuliulaumu mtama uliokuwa ukiutwanga. Nikaita mtu wa kuumika, akakupachika pembe zake na kukunyonya damu wiki mbili nzima. Nilikosea, mke wangu. Miguu ilikuwa inakufa huku tunaitazama.

Kisha mama yako akaja kutoka Magoma. Mama mkwe haingii kwa mkwewe, basi akafikia kwa jirani, ng'ambo ya uwanja, mkawa mnasalimiana kwa kupaza sauti. Nikataka tukubebe hadi kwake. Ukakataa katakata: "Mama ndiye aliyenifundisha kutembea. Sitamwendea nimebebwa kama maiti."

Ndipo nikatafuta watu wa machela. Siku tatu hadi Korogwe, nawe ukiwatukana kila walipojikwaa. Daktari wa Kidachi, yuleyule aliyekuondolea uvimbe wa titi, akakupapasa mgongo. Akasema saratani ile imehamia kwenye uti wa mgongo. "Siwezi kuimaliza. Naweza kutoa mfupa na uvimbe unaobana mishipa, miguu ipate nguvu tena."

Hukumuuliza utaishi hadi lini. Ulimuuliza, "Nitavuka uwanja?"

Akajibu kwamba huenda.

"Baba Saidi," ukaniambia, "mwambie anoe kisu."

Na tuliporudi nyumbani, ulivuka! Mkono mmoja umeshika fimbo yangu, wa pili unanikataza nisikusogelee. Nilihesabu hatua kumi na tisa. Mama yako hakuinuka kukupokea. Alikaa mkekani akakungoja, mikono ameinyoosha, kama anavyongojwa mtoto anayeanza kutembea. Mimi mlangoni nililia bila aibu.

Ugonjwa ulirudi baada ya mavuno, kama tulivyoambiwa. Siku ya tatu ya matanga mama yako, ambaye kwa heshima hajawahi kunitazama usoni, alisimama karibu yangu akanipa mgongo. "Mkwe wangu," akasema, "ulimpeleka vema."

Sina shaka hata chembe. Ningeambiwa nianze tena, ningeanza na machela, pembe ningeziacha. Wakiniuliza kisu kile kilileta nini, nawaonyesha uwanja.

Pumzika, Mama Saidi. Fimbo nimeirudisha nyuma ya mlango.

Mumeo,
Baba Saidi