Viegemeo Nilivyosema Ving'olewe

Dada yangu Minza,

Na lile swali la daktari uliloniandikia, kama kiti chako cha garini kilikuwa na kiegemeo cha kichwa, usihangaike kukumbuka. Hakikuwa nacho. Nilikiondoa mimi.

Shikamoo, dada. Niliogopa kuanza na salamu, maana ningepitiliza hadi kwa Emanueli wangu, jinsi anavyoniita malkia mbele ya majirani hapa Geita, na barua ingeisha sijasema.

Asubuhi ile ya harusi, pale Nyahanga, mpiga video alisema viegemeo vya viti vya mbele vingetuficha maharusi tutakaokaa nyuma. Nikamwambia dereva avitoe. Akacheka: "Bibi harusi, leo hata gari linavuliwa nguo kwa ajili yako." Wewe ulikuwa ndani ya nyumba, mpambe wangu, unanitafutia pini za shela.

Tulipofunga breki njia panda, pikapu ya wanakwaya ikatugonga nyuma. Sisi tulitikisika tu, kiti chetu kilikuwa na mgongo mrefu hadi kisogoni. Chako cha mbele kiliishia mabegani. Kichwa chako kilirushwa nyuma hadi nikayaona macho yako yamepinduka. Ukasema, "Kabula, shingo." Nikakujibu, "Tabasamu dada, kamera inakuja." Ukatabasamu.

Kanda ya harusi tumeitazama mara nne. Wageni huuliza ni nani yule dada anayeshika kisogo kwa madaha. Juzi Emanueli, ambaye ni fundi magari lakini siku ile alikuwa ananitazama mimi tu, akaisimamisha picha.

"Viegemeo viko wapi? Vile si vya kulalia, mpenzi. Gari likigongwa nyuma, ndivyo vinavyodaka kichwa. Nani alivitoa?"

Nikasema sijui. Uongo wangu wa kwanza katika ndoa. Jana nilimwambia ukweli. Hakunigombeza, alinishika mkono tu, na hapo ndipo nilipolia.

Unaandika kwamba huwezi kujitwika ndoo wala kuinama kwenye pamba, kisha unaniuliza kama nakula vizuri. Baba bado anamlaumu dereva wa pikapu peke yake, nami nilikaa kimya akisema. Nina furaha nyingi, dada, na sasa ninaionea haya.

Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja nyumbani Mhunze, nimwambie baba mbele yako. Nitakuja peke yangu. Emanueli akiwa karibu nitaanza kutabasamu.

Mdogo wako,
Kabula