Kilo Nilizokusomea Uongo

Baba Minza, mume wangu,

Mwangaluka. Juzi tulifungua injini yako. Usishtuke, hatukutumia nyundo. Minza ndiye aliyeshika spana, mimi nikashika bakuli la kuwekea nati, kazi uliyonipa mwaka wa kwanza wa ndoa na ambayo mpaka leo sijapandishwa cheo.

Jumamosi binti yako anashindana mbio za pikipiki Dutwa, kwenye njia ileile wewe na wenzako mliyokuwa mkiisawazisha kila mwaka pamba ikishavunwa na mashamba yakabaki wazi. Ana miaka ishirini na miwili, ana mabega yako na ubishi wako. Anataka pikipiki yako, ambayo haijawashwa tangu ututoke, mwaka wa pili huu. Akaniambia, "Mama, siwezi kuingia mbioni na springi za valvu nisizozijua nguvu zake." Nikaenda kutoa mizani stoo.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Ukaja na springi nne ndogo kwenye mfuko wa shati, ukaipita foleni ya wakulima na magunia yao, wakakuzomea. Ulitaka kujua zikibanwa zinasukuma kwa kilo ngapi, maana springi iliyochoka inachelewa kuirudisha valvu, na injini ikikimbizwa inakata pumzi. Ukasimamisha kipande cha bomba juu ya mizani, ukaweka springi ndani yake ikachomoza juu kidogo, ukaanza kuibana kwa kibao. Ukingoni mwa bomba uliweka kikaratasi.

"Dada, kivute taratibu. Kikikataa kutoka, ujue kibao kimegusa bomba. Soma mshale hapohapo."

Nikavuta, nikasoma, nikapunguza kilo moja ya uzito wa gunia tupu kama nilivyozoea, nikakuandikia ishirini na saba. Wewe ulitaka ishirini na nane. Ukapanda basi hadi Mwanza kununua nyingine, ukarudi nazo, na hizo nikazisomea ishirini na saba. Ukanitazama, ukatazama mizani, ukauliza, "Dada, springi umeivalisha gunia?" Foleni nzima ilicheka. Niliona aibu mpaka nikataka kufunga kituo. Kesho yake ulikuja tena, safari hii bila springi.

Tulipooana ulitafuta mizani ya zamani, ukaiweka kwenye banda lako hapa Bariadi, na kupima springi kukawa kazi ya watu wawili. Wewe unabana, uso umeiva kwa nguvu, mshale huuoni. Mimi navuta kikaratasi na kusoma. Nikitaja namba unanishukuru, "Wabeja, mayu," na unaandika bila kuangalia. Nilizipenda sana asubuhi zile. Nilijiona na mimi fundi.

Sasa nikuambie nililokuficha.

Ule mwaka yule kijana wa kijiji cha Migato alipovunjika nyonga mbioni, mimi niliacha kulala. Kila ukitoka na helmeti yako nilikuwa nakuona umelala pale vumbini. Nilikusihi uache, ukacheka, ukanishika shavu, ukaenda zako. Basi, mbio zilizofuata zilipokaribia tukapima kama kawaida. Kikaratasi kikakataa, mshale ukasimama ishirini na nne. Nikasema ishirini na nane. Nikasema hivyo kwa zote nne. Nilijua injini itakosa pumzi, utaachwa nyuma, na utarudi nyumbani na miguu yako miwili.

Kumbe kulikuwa na jingine nisilolijua. Siku moja, miezi mingi baadaye, nikakusikia unamweleza Minza kwamba valvu ikichelewa kurudi pistoni inaweza kuigonga, injini ikakwama ghafla na mtu akarushwa. Yaani kwa kukuogopea nusura nikuue mwenyewe.

Ulikuwa umeshindwa vibaya, unakumbuka. Ulimtukana Masanja, rafiki yako wa duka la spea, kwamba amekuuzia takataka zinazolegea zikipata moto, ukafunga safari ya Mwanza kwenda kumtupia springi zake usoni. Uliporudi hukulitaja jina lake, na mimi sikuthubutu kuuliza. Tangu hapo hukuniita tena kupima, nikajifariji kwamba huko umebadilisha. Ukashindana misimu miwili zaidi, ukimaliza karibu na mwisho, ukisema mwili umechoka. Pale Dutwa walikutania kwamba umegeuza pikipiki fimbo ya kuchungia ng'ombe. Nilicheka nao. Kisha figo zikakuangusha. Masanja alikuja mazikoni na nikashindwa kumtazama machoni, maana urafiki wenu niliuvunja mimi.

Juzi Minza alipozitoa nikaona ile alama ya rangi nyekundu uliyozipaka siku ile nilipokudanganya. Zilikuwa zilezile. Akaweka ya kwanza ndani ya bomba, akabana, mimi nikavuta kikaratasi. Kikakataa. Mshale ukasimama ishirini na tatu.

"Ngapi, Mama?"

Baba Minza, ishirini na nane ilikuwa tayari mdomoni. Nilimwona mtoto wangu shingo imemtoka mishipa, amenipa mgongo, ananiamini kama ulivyoniamini wewe. Nikasema, "Ishirini na tatu. Zimechoka, mwanangu. Usizifunge."

Nikampigia Masanja kuagiza mpya. Kabla hajasema bei nikamwambia yote.

"Shemeji," akasema, "mwenzako alijua. Alikuja amefura, tukazipima hapahapa dukani. Akaona ishirini na nne, akaanza kucheka peke yake. Nikampa mpya, akakataa. Akasema, 'Mke wangu ameniomba nipunguze mwendo, ila ameniomba kwa mizani. Acha nirudi na hizihizi, najua pa kuachia mafuta kabla valvu haijagongwa.' Akaniomba radhi, tukala ugali. Akanikanya nisikwambie."

Nilikaa chini hapohapo bandani. Minza akaja mbio, nikamsimulia, tukalia wote, kisha yeye akacheka kicheko chako. Springi mpya zimefika na basi la jana. Tumezipima mara mbili, ishirini na nane na nusu, zote nne, na amezifunga mwenyewe. Jumamosi ataenda kasi. Naogopa, sikufichi, lakini nitasimama pale kwenye mstari nimtazame.

Ila wewe nimekukasirikia. Misimu miwili unapitwa na watoto wadogo, unazomewa, unarudi nyumbani na vumbi la wenzako usoni, na mke wako anacheka pamoja na wanaokucheka, nawe unanyamaza ili nipate usingizi. Ungeniambia. Ningelia siku mbili, siku ya tatu ningekuita bandani, ukabana, nikakusomea upya.

Mkeo na karani wako,
Mama Minza